Kamba ya miaka 2000, Jumamosi hii

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi saa nne asubuhi tukutane Buruburu, mahali petu pa kawaida. Tutatandaza kamba ya mita 4 iwe mstari wa historia, kuanzia 500 KK hadi 1500 BK, kila karne sentimita 20. Njooni na kadi za kuandikia matukio na vibanio vya nguo vya kuzibana kwenye kamba.

Tafadhali zingatieni hili, maana ndipo wengi tulipoteleza mara iliyopita: hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK huja 1 BK moja kwa moja. Kwa hiyo kutoka kuuawa kwa Julius Caesar, 44 KK, hadi kuanguka kwa Roma ya magharibi, 476 BK, ni miaka 519, si 520.

Afrika isibanwe pembeni. Mansa Musa, mfalme wa Mali, alikwenda hija 1324; Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, akafika Kilwa 1331. Kwenye kamba yetu pengo hilo ni sentimita moja na nusu hivi! Mimi husisimka kila nikiziona kadi hizo mbili zikikaribiana.

Pasipo na mwaka kamili, kama utawala wa Ezana, mfalme wa Aksum (ufalme wa kale huko Ethiopia), andikeni "karne ya 4". Atakayechelewa anijulishe mapema.