Risala ya umoja wa wapangaji na wafanyakazi wa mji wa watalii kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi mlioko meza kuu, wenye nyumba mliokubali kuja (tunashukuru kweli, hatukutegemea) na wapangaji wenzangu, hamjambo.

Risala hii alikuwa aisome katibu wetu ila yuko shifti, msimu umeanza na bosi kamnyima ruhusa, kwa hiyo mtanivumilia mimi.

Mheshimiwa, shida yetu siyo kwamba mji hauna nyumba. Nyumba zipo, tena nyingine mpya kabisa, ukipita usiku miezi ya mvua taa zimezimwa mtaa mzima. Shida ni kwamba nyumba iliyokuwa inapangishwa kwa mwezi siku hizi inapangishwa kwa usiku, mwenye nyumba akipiga hesabu anaona siku chache za wageni msimu ukichanganya zinamlipa kuliko mpangaji wa mwezi mzima, halafu mgeni wala hasumbui kuhusu bomba linalovuja maana keshokutwa anaondoka. Hatumlaumu sana, sisi wenyewe tungekuwa na nyumba pengine tungefanya hivyo hivyo. Na tangu Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, ianze mwaka 2008 kule San Francisco kazi yenyewe imekuwa nyepesi, ni picha na simu tu.

Naomba nitoe mfano wa mwenzetu mmoja, yupo humu ukumbini ila kaomba nisimtaje. Alikaa chumba kimoja miaka sita, akapewa notisi ya mwezi mmoja, akahamia mbali huko anakopanda basi mawili. Baada ya muda akapata kibarua cha kufanya usafi kwenye nyumba za wageni, siku ya kwanza akatumiwa namba za kufungulia kile kiboksi cha funguo mlangoni, kufika, ni mlango wake. Anasema kitanda kipya, rangi mpya, ila msumari aliokuwa anatundikia kalenda bado upo pale pale. Akatandika shuka akaondoka. Sasa hivi anakitandika chumba hicho mara mbili kwa wiki.

Wapo wengine wanaolala stoo ya mgahawa kwa sababu shifti inaisha saa tano usiku na basi la mwisho linaondoka saa tatu. Halafu mgeni analalamika chai imechelewa asubuhi! Mpishi yuko njiani, mheshimiwa.

Hatukuja na kilio tu, tumejisomea kidogo wenzetu wanafanyaje. Uswisi walipiga kura mwaka 2012 kwamba manispaa ambayo nyumba za mapumziko zimezidi asilimia 20 isiruhusu kujenga nyingine za aina hiyo. St Ives kule Cornwall, Uingereza, wananchi mwaka 2016 walipitisha kwa kura kwamba nyumba mpya iwe ya mtu anayeishi humo kama makazi yake, wazo zuri ila liligusa nyumba mpya tu, za zamani zikabaki wazi kwa yeyote mwenye pesa. Byron Bay ya Australia tangu Septemba 2024 nyumba ambayo mwenyewe haishi hairuhusiwi kupangisha wageni zaidi ya siku 60 kwa mwaka, isipokuwa maeneo machache karibu na ufukwe.

Ila iliyotukuna zaidi ni Whistler, mji wa michezo ya theluji kule Kanada. Wao tangu 1997 wana chombo chao cha nyumba, kuna nyumba ambazo anaruhusiwa kukaa mfanyakazi wa pale pale tu, na akiuza bei haipandi anavyotaka yeye, inafuata mfumuko wa bei. Na Vail, Marekani, tangu 2017 mji unamlipa mwenye nyumba ili akubali kufunga kwenye hati kwamba humo atakaa mtu anayefanya kazi eneo hilo. Hiyo ya kulipa tumeipenda kwa sababu haimnyang'anyi mtu chake.

Mheshimiwa, kila tukisema tunaambiwa nyumba zaidi zitajengwa. Sawa, zijengwe, lakini zikijengwa mia bila sharti lolote kwenye hati, mia hizo hizo zitapigwa picha na kuwekwa kwenye apu kabla rangi haijakauka.

Kwa hiyo tunaomba kwanza zihesabiwe nyumba zinazopangishwa kwa usiku, kila moja iwe na namba ya kibali ionekane hata kwenye tangazo, maana leo hakuna anayejua ziko ngapi, kila mtu anakisia. Ushuru unaolipwa na wageni hao fungu lake liende kwenye nyumba za wafanyakazi, na wenye hoteli wanaoajiri watu wengi wachangie vitanda, siyo sare tu. Na lile basi la mwisho, tafadhali, hilo halihitaji hata sheria, lisogezwe mpaka saa tano na nusu.

Majibu tungeyapenda kabla ya msimu ujao, kwa sababu notisi huwa zinaanza kutoka mwezi mmoja kabla, na humu ndani kuna watu wanne tayari wanazo mfukoni.

Ahsante kwa kutusikiliza, karibu sasa uzungumze nasi.