Kwa Kamishna wa Kodi: Tukumbusheni na tunapowadai

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini hazikujibiwa.

Kuna mwaka nilifanya kazi miezi mitano tu, mkataba ukaisha. Kila mwezi mwajiri alinikata kodi kwa hesabu ya mtu atakayelipwa mwaka mzima. Kwa mapato ya miezi mitano, sikustahili kulipa hata nusu ya kilichokatwa. Kilichozidi kilikuwa changu, ila ili nirudishiwe ilinipasa kuwasilisha ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka. Sikuwasilisha. Tarehe ilipopita nikasikia habari za faini, nikajificha. Nilijiona mdaiwa, kumbe mimi ndiye mdai.

Faini yenyewe hatuelezwi inahesabiwaje. Marekani, adhabu ya kuchelewesha ritani hukokotolewa kwa asilimia ya kodi ambayo haijalipwa, kwa hiyo asiyedaiwa kitu hatozwi kitu. Uingereza, aliyetakiwa kuwasilisha akachelewa hutozwa pauni 100 hata kama hadaiwi, lakini angalau anajua kiasi, anaweza kupima kama anachodai kinazidi hapo. Anayesikia neno "faini" tupu hapimi chochote. Anakaa kimya.

Na kimya kina gharama, maana haki ya kudai ina mwisho. Uingereza ni miaka 4 tangu mwaka wa kodi kuisha. Marekani, kwa kawaida, ni miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha: ritani ya mwaka 2021 ilitakiwa Aprili 2022, na ambaye hadi Aprili 2025 hakuwa ameileta, fedha zake zilibaki Hazina.

Nilipojikaza kuja kwenu, niliambiwa nitumie fomu ya mwaka ule ule na viwango vya mwaka ule, siyo vya sasa. Sawa, hilo naliona lina mantiki. Nikatakiwa pia kuleta hati ya makato kutoka kwa mwajiri, na kampuni ilikwisha fungwa. Nilihangaika miezi miwili. Mwishowe karani mmoja, Mungu ambariki, aligeuza kompyuta yake nikaona: makato yangu yote yamo, mwezi kwa mwezi. Mlikuwa nayo siku zote. Ila muda wa kudai ulikuwa umepita kwa wiki sita.

Sikuombi unirudishie fedha zile. Sheria ni sheria. Naomba mfumo unaojua nilichokatwa utume ujumbe mmoja, mwaka mmoja kabla ya muda kwisha: "Huenda umelipa zaidi, wasilisha ritani yako." Tunapodaiwa ujumbe wenu hutufikia, na sijawahi kusikia umepotea njiani.

Ritani yangu ya mwaka uliofuata nayo ilikuwa imechelewa. Nimeiwasilisha wiki iliyopita, muda wake wa kudai bado haujaisha, na risiti ninayo.

Wako,
Mlipakodi