Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kanuni Yetu kwenye Meza ya Forodha

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nianze na kanuni, kile chombo chetu cha nyuzi nyingi cha kupigia taarab. Tuliotoka hapa Mombasa kwenda Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, kupiga taarab harusini twakijua kisa. Mliobaki mmekisikia kimetiwa chumvi, basi kisikieni kwa mwenyewe. Mpakani tulifika saa mbili asubuhi. Udi zikapita, fidla ikapita, dumbaki hakuna aliyeiuliza. Sanduku la kanuni likafunguliwa. Afisa wa forodha akazitazama zile nyuzi zilizopangwa tatu tatu, akaugusa mmoja kwa ukucha, ukalia, akacheka. Kisha akauliza: "Hii mnaenda kuuza ama mtarudi nayo?" Fundi wetu, aliyekuwa na chombo kile tangu hajaoa, akamjibu: "Wewe waweza kumuuza mkeo?" Jibu zuri, lakini halikuwa karatasi. Orodha ya vyombo hatukuwa nayo, risiti hatukuwa nayo, na barua ya mwaliko ilikuwa picha ndani ya simu iliyozimika. Tulivuka baada ya adhuhuri, tukakuta pilau imeshapakuliwa. Afisa alifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyesema "twendeni tu, Tanga ni nyumbani," kwa hiyo kosa ni langu na naomba radhi.

Nalisema hili kwanza kwa sababu mwaka mzima nimeketi kwenye vikao vya ushirikiano wa kanda katika utamaduni na sanaa, na hakuna hata kimoja kilichoitaja meza ya forodha. Maandishi yapo tele. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini 1999 na kuanza kazi Julai 2000, una ibara ya 119 kuhusu utamaduni na michezo, na ya 137 inayotaka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Soko la Pamoja lipo tangu 2010. Wenzetu wa vikoi wanaujua ule utaratibu mwepesi wa forodha kwa bidhaa za humu kandani zisizozidi dola 2,000. JAMAFEST, tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya, nayo imezunguka: Kigali 2013, Nairobi 2015, Dar es Salaam 2019, Bujumbura 2022. Nalipenda tamasha hilo, sitalisema vibaya. Lakini msanii anayesafiri na wajumbe wa serikali hafunguliwi sanduku. Mimi namfikiria yule anayesafiri kwa basi, na nauli amekopa.

Somalia ilipokamilisha kujiunga na Jumuiya Machi 2024, wengi walizungumzia biashara na usalama. Mimi niliwaza Barawa, mji wa pwani ya Somalia, kwa wafuma nguo na wasema Chimbalazi, Kiswahili cha huko. Kutoka Barawa hadi Kilwa na Mtwara, pwani yote sasa imo chini ya mkataba mmoja. Ndugu zetu wa Ngazija na wa kaskazini mwa Msumbiji ndio waliobaki nje. Wazee walikuwa wakiifuata njia hiyo kwa kusi na kaskazi, na hakuna aliyewauliza muhuri. (Sisemi turudi huko. Majahazi yale yalibeba na mengine ambayo hatuyatii katika nyimbo.)

Sasa leso. Baadhi yenu mlitaka chama kitoe tamko dhidi ya leso za kiwandani kutoka ng'ambo. Kamati haikutoa, na mimi ndiye niliyepinga zaidi. Neno "leso" lenyewe tumelipata kwa Wareno. Duka la pale Biashara Street linalojulikana pwani nzima kwa leso lilianza 1887, na vitambaa kwa miaka mingi vimechapwa India. Tukikataa cha ng'ambo tutabaki uchi. Kilicho chetu ni jina, yale maneno yaliyo chini ya mji. Bi mkubwa mmoja wa Bondeni alituletea leso mpya aliyoinunua Kongowea: pindo zimekaa sawa, korosho zimepangika, lakini herufi moja imeanguka kwenye jina na nasaha imegeuka tusi. Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Akaikunja, akauliza: "Na aliyelitunga lile la sawasawa, alilipwa?"

Hakuna aliyemjibu. Mnakumbuka kampuni ya Uingereza iliyoomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Watu walipiga kelele, na kufikia 2008 ombi lilikuwa limeanguka. Kelele zilisaidia, ila hatuwezi kupiga kelele kwa kila nguo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 11, ilitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ikaja 2016, ikazipa kaunti kazi ya kukusanya na kuandikisha. Hapo ndipo tulipogombana mwezi mzima. Kundi moja likasema tuandikishe taarab haraka iwe ya Mombasa kabla hajatuwahi mtu. Nilikataa na bado nakataa. Siti binti Saad, yule mwimbaji mkuu wa taarab, alikuwa wa Unguja, na mwaka 1928 alirekodiwa Bombay. Sasa hapo utachora mpaka wapi? Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa Namibia 2010 chini ya ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la mali ya ubunifu, inaruhusu jamii za nchi zaidi ya moja kuandikishwa pamoja kwa urithi mmoja. Hiyo ndiyo njia niliyoipendekeza. Ni ndefu, naijua. Tanzania bara ina ofisi yake ya hakimiliki, Zanzibar ina yake, nasi tuna yetu. Barua tumeanza kuwaandikia wenzetu wa Tanga na Unguja, Tanga wamejibu.

Kuhusu mirabaha ya kawaida nina habari fupi na chungu. Mwimbaji wetu mmoja aliitwa akachukue malipo yake ya mwaka. Hayakutosha nauli ya kuyafuata. Tumeomba hesabu kwa maandishi na tunasubiri.

Wachongaji wa Changamwe wanaendelea na muarobaini, maana muhugu umeadimika. Wamemwomba katibu mafunzo ya kuuza kwa simu, naye ameahidi.

Hesabu za fedha atazisoma mwekahazina. Mimi nasema tu kwamba wenye malimbikizo ya ada wanajijua, na wawili wao wamekaa mstari wa mbele.

Safari ya Unguja ipo, inshallah. Fomu ziko kwenye meza karibu na mlango. Anayetaka kwenda aandike kwanza jina la chombo, rangi yake na alama yoyote iliyo juu yake, ndipo aandike jina lake.