Kwa Lusia, kuhusu daftari la ukoo

Lusia,

Salamu sana, kwako, kwa shemeji na watoto. Huku tu wazima, mahindi yamekubali, ila mbolea ndiyo ilitutoa roho. Najua zamu ya kuandika ilikuwa yako. Nimechoka kusubiri, halafu nina shida.

Kikao cha ukoo ni Desemba, na mimi ndiye niliyebebeshwa kuandika historia yetu, eti kwa kuwa ni mwalimu na sina mtoto mdogo (sababu ya pili aliitoa shangazi, unamjua). Baba Mkubwa akanikabidhi daftari lake. Wanaume watupu, mmoja baada ya mwingine, hadi kwa Zwangendaba, yule mkuu aliyewatoa Wangoni kusini, anavuka mto Zambezi na jua linazimika mchana. Hapo sina ubishi: jua lilipatwa kweli tarehe 20 Novemba 1835, na wazee wasio na kalenda wameitunza siku hiyo kwa mdomo tu. Kisha Ufipa, Zwangendaba anafariki, makundi yanagawanyika, mengine yanashuka huku kwetu Songea.

Nikamsomea Bibi. Akasikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage, akauliza, "Na hawa wote walizaliwa na nani?"

Ndipo akaanza. Alisimuliwa na mama mkwe wake, naye alisimuliwa na mama mkwe wake mwenyewe, na huyo ndiye mwenye habari. Alikuwa Mndendeule wa upande wa Namtumbo. Akachukuliwa mateka angali mtoto, akalelewa katika nyumba ya mkubwa mmoja wa Njelu, ile himaya ya Wangoni, akaolewa humohumo. Msutu, kama walivyoitwa wote waliotekwa na kuingizwa kwa Wangoni. Sasa hesabu mwenyewe: huyo ndiye mama wa babu yake Baba Mkubwa!

Baba Mkubwa kasema hilo lisiandikwe. Sisi ni Wangoni wa kweli, mambo ya mateka yatatuaibisha mbele ya wakwe. Lakini Lusia, watoto wa kiume wa ukoo huu hawakuwa na habari hata kidogo. Waliotunza ni wanawake walioolewa kutoka kwingine, mkwe akimnong'oneza mkwe. Nikiacha kuandika, mimi ndiye nitakayekata uzi huo?

Na vita vya Maji Maji navyo vimezua mengine. Daftari linasema mume wa yule bibi Mndendeule alinyongwa Februari 1906 pamoja na nduna Songea Mbano na wenzake. Bibi anasema hapana, alikufa njaa, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, na mkewe ndiye aliyewavusha watoto kwa mizizi ya porini. Nikaenda makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge, hapa hapa Songea, nikasoma majina ya mashujaa. Hayumo. Baba Mkubwa kajibu kwamba Wajerumani walikosea kuandika! Tangu rais wao aje hapa Novemba 2023 kuomba radhi, hakuna ukoo usio na shujaa aliyenyongwa. Kufa njaa hakuna anayekutaka.

Babu kwenda manamba Tanga, baba na vita vya Kagera, hayo niliyamaliza jioni moja. Yule bibi ndiye ananirudia. Juzi nikamwambia Baba Mkubwa: watu wa Zwangendaba walisema lugha ya kusini, ndugu yake Kizulu, na sisi leo hatuielewi. Hiki Kingoni chetu tumekinyonya kwa akina mama wa huku huku. Akanyamaza, akauliza nimesoma wapi, halafu akadai chai. Sijui kama huo ni ushindi au...

Nisikilize. Bibi ana wimbo wa kutwangia, nusu umeshapotea, anasema ulikuwa wa yule bibi. Maneno mengine hata yeye hayaelewi. Nimeurekodi kwenye simu, nitakutumia leo usiku. Tafadhali mpelekee mama yako, umkalishe pasipo na kelele za wajukuu, ausikilize. Kule Namtumbo alikokulia, je, aliwahi kuusikia? Ni wa mavuno, wa unyago, wa nini? Na kwenu waliobaki wanawasimulia vipi watoto waliochukuliwa? Kuna ukoo unaomtaja binti aliyekwenda asirudi? Jina alilopewa na wazazi wake Bibi halijui, na kwenye kitabu siwezi kuandika "mke wa fulani" tu. Au niache nafasi wazi? Wewe ungefanyaje? Mama yako atakasirika nikimuuliza mambo haya, sisi tukiwa ndio watoto wa waliochukua?

Na Desemba utakuja? Njoo ukae karibu nami kikaoni, shangazi anakuogopa. Fredi wa Lizaboni anakusalimu na anauliza ile hela yake.

Wako,
Asteria