Kwa kamati ya harusi: lazima hiyo kaiweka nani?

Wanangu wa kamati,

Nawasalimu nyote. Ujumbe wenu wa michango nimeupata: kadi ya mtu mmoja shilingi 70,000, ya wawili 120,000, na ahadi zikamilishwe wiki mbili kabla ya shughuli. Changu nitatoa. Ila nina neno, nanyi nawaomba mlisome kabla ya kikao cha Jumapili.

Kwenye bajeti mmeandika "mambo ya lazima": ukumbi, mapambo, keki, mshereheshaji, matarumbeta, ndafu (yule mbuzi mzima wa kuchoma), sare za kamati. Lazima hiyo kaiweka nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuiweka. Yenyewe inataka hiari ya hao wawili, taarifa ya siku 21, mfungishaji na mashahidi wasiopungua wawili. Kifungu cha 41 kinasema hata desturi ya mahari au zawadi isipotimizwa, ndoa haibatiliki kwa hilo. Dini nazo hazikuiweka. Msikitini ni walii, mashahidi, mahari na kauli. Kanisani ni kiapo. Keki haimo.

Nimeolewa Tanga mwaka 1976. Wanawake wa mtaa walikuja na sufuria zao alfajiri, huyu na kuni, yule na pishi ya mchele, wakapika pilau uani na watu wakala mkekani. Sendofu hatukuijua, wala kicheni pati. Hivi vyote vimeingia nikiviona kwa macho yangu, kimoja kimoja, na leo mnavitetea kama wosia wa mababu. Ndafu kwa Wachaga ana maana yake na heshima yake. Huku kwetu tumemchukua kwa sababu tulimwona kwenye harusi ya wenzetu, basi. Kuchukua si kosa. Kosa ni kumwambia bwana harusi asiye na uwezo kwamba bila mbuzi yule ataonekana hakuoa.

Nawajua vijana wawili wanaishi pamoja mwaka wa nne huu, mtoto wao anaanza chekechea. Nikiwauliza ndoa lini, wananijibu, "Tunajipanga, shangazi." Wamekwisha kukubaliana, wazazi wamekwisha kukutana. Wanachosubiri ni ukumbi.

Na liko jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka juzi. Tulikuwa na harusi ya binti mmoja wa mtaani. Nilipofika nikamkuta jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya sabini, amesimama nje ya geti. Ameshika doti ya kanga kaifunga kwenye gazeti, kaikunja pembe vizuri. Bibi huyu ndiye aliyemlea bibi harusi mama yake alipokuwa kazini, akamwogesha, akamsuka, akamlisha uji. Baunsa alimwambia hana kadi. Wala hakumfokea, alikuwa kijana mpole, anafuata orodha aliyopewa. Ndani nikaona meza mbili nzima zimekaa watu ambao bibi harusi mwenyewe hawajui kwa majina. Nilimshika mkono tukaingia pamoja kwa kadi yangu ya wawili, lakini alikaa ukingoni mwa kiti hadi mwisho, kama mtu aliyeingia kwa wizi. Kanga zile hakuzitoa mbele ya watu. Alinipa mimi nizipeleke kesho yake.

Sisemi mfute sherehe. Furaha ya watu kula na kucheza pamoja ni nzuri, na mimi nitacheza. Nachotaka ni kila kitu cha bajeti kiulizwe peke yake: tunakitaka, au tunaogopa tutasemwa? Tunachokitaka kibaki. Cha kuogopa kusemwa kitoke, hata kama fedha ipo. Na mwenye kukosa 70,000 asiitwe mdeni siku ya kuvunja kamati.

Jumapili nitakuja mapema. Yule bibi nimekwisha kumwambia aje siku ya harusi, maana yeye ndiye aliyembeba mgongoni hata huyu wetu tunayemfanyia harusi. Mweka hazina, mwandikie kiti meza ya mbele, na wa getini aambiwe asimuulize kadi.

Shangazi yenu.