Swahiba, hiyo biashara ya sloti

Swahiba,

Salamu kutoka Sinza. Sisi wazima, joto tu ndilo linatutesa. Voisi noti yako ya kutaka kuuza sloti, yaani nafasi za kutumia akaunti moja ya ChatGPT kwa kushea, nimeisikiliza yote, na ulipofika kwenye mtaji unaoniomba nikashika kalamu, maana hapo ulianza kuongea haraka haraka. Nakujua.

Kama nimekuelewa, unalipia ChatGPT Plus, kifurushi cha kulipia, kwa dola 20 kwa mwezi, karibu elfu hamsini ya kwetu. Unaingiza wanachuo kumi, kila mmoja anatoa elfu nane, wewe unabaki na elfu thelathini kwa kila akaunti. Ukiwa na akaunti tano, laki na nusu umeipata umelala.

Wateja wapo, hilo sibishi. Bumu, hela ya mkopo ya mwanachuo kujikimu, ni elfu kumi kwa siku. Nani atatoa bumu la siku tano kwa ajili ya programu moja? Hata mtumishi wa umma wa kima cha chini, baada ya kupandishiwa hadi laki tano Julai 2025, Plus inamla sehemu ya kumi ya mshahara. Wenye mali wenyewe wanajua bei yao haitushiki sote: Agosti 2025 OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilipeleka India kifurushi cha Go kwa rupia 399, chini ya dola 5. Na lililoniuma zaidi ni la Januari 2023, ilipoandikwa kwamba kuna vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu na ukatili ili ChatGPT ifundishwe kuukwepa. Saa kumi za kazi hiyo hazikutosha kulipia mwezi mmoja wa Plus. Kwa hiyo usidhani nakuja na mahubiri kwamba kuuza rejareja ni dhambi.

Kibanda umiza nacho kinaishi hivyo hivyo: king'amuzi kimoja, mabenchi, jero mlangoni, mtaa mzima unaona mpira. Tofauti ni kwamba kibandani wote mnatazama mechi moja. Kwenye akaunti ya kushea kila mtu ana mechi yake, na wenzake wanaiona.

Kuna stesheneri moja huku, siitaji, wana kompyuta yenye akaunti ya namna hiyo. Nilienda kuchapa barua, nikakaa, na pale kushoto kwenye orodha ya mazungumzo ya zamani yote yamejipanga. La kwanza kabisa lilikuwa barua ya kujieleza kwa mwajiri: hela ya ofisi iliyopungua, kiasi chake, jina la ofisi, hadi tarehe ambayo mhusika aliahidi kuirudisha. Chini yake mtu anauliza dalili za ugonjwa ambao hata mbele ya daktari huwa tunauzungukazunguka. Nikamwambia mhudumu. Alikuwa anatafuna karanga. "Usijali kaka, wewe andika yako tu." Ile ofisi naijua, swahiba. Napita pale karibu kila siku.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tangu Mei 2023 inafanya kazi. Sidhani kama ungependa kuwa wa kwanza Mwanza kuielezea mbele ya Tume.

Halafu kuna usumbufu wa kila siku. Mteja akiingia kwa simu mpya, mfumo unaomba namba ya uthibitisho, nayo inakuja kwako. Saa tano usiku kundi la WhatsApp linawaka: "Boss, namba!" Na wewe umelala. Kuna kikomo cha ujumbe pia. Kuna kipindi mwaka 2023 GPT-4, modeli (ule ubongo wa ChatGPT) ya wakati huo, ilikuwa ujumbe 25 kwa saa tatu kwa akaunti nzima. Leo vikomo vimebadilika, lakini watu kumi usiku wa kuamkia kukabidhi tafiti watakimaliza chochote. Mmoja mkorofi akibadilisha neno la siri, wote mko nje. Na masharti ya OpenAI yanakataza kumpa mtu mwingine akaunti yako. Wakiifunga, elfu nane za watu zinadaiwa kwako, kampuni haihusiki.

Wale wanaouza "GPT-4 mwezi mzima elfu tatu" usiwaonee wivu. Huenda nyuma yake kuna kadi ya wizi, au modeli ya bei chee iliyobandikwa jina kubwa. Mteja hawezi kujua kwa kuiuliza yenyewe, kwa sababu modeli nyingi hukosea hata majina yao.

Sasa, kama kweli unataka kuuza, uza kazi iliyokamilika, si nafasi ya kuingia kwenye akaunti. Chukua API, njia ya programu yako kuzungumza moja kwa moja na modeli za OpenAI, unalipia kadiri unavyotumia. Modeli ya GPT-4o bei yake mwishoni mwa 2024 ilikuwa dola 2.50 kwa tokeni (vipande vya maneno) milioni zinazoingia na dola 10 kwa zinazotoka. Mwalimu akitaka andalio la somo, tuseme tokeni 1,000 zinaingia na 2,000 zinatoka: kama shilingi 56. Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, kwa hiyo zidisha mara mbili, ni 112. Muuzie jero. Ukitumia ile ndogo, GPT-4o mini, gharama yako haifiki hata shilingi kumi, ila mwambie ukweli kwamba ni ndogo, na andalio ulisome kabla hujamkabidhi, maana itamtungia hata umahiri usiokuwemo kwenye mtaala.

Usiuze kwa mwezi. Kwenye API, kila swali jipya linabeba mazungumzo yote yaliyotangulia, na unayalipia tena. Mteja mmoja anayepiga soga hadi alfajiri atakula faida ya walimu ishirini. Ufunguo wa API, yaani neno la siri la kuitumia, usimpe mtu yeyote, hata shemeji yako yule mtaalamu. Kuuuza au kuuhamisha nako kumekatazwa. Weka kiasi mapema kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, kiishie hapo hapo. Na kazi ikishachukuliwa, ifute.

Mtaji wa akaunti tano sikupi. Dola 20 za kuanzia na API ninazo, na faida tugawane nusu kwa nusu baada ya kurudisha changu. Kabla sijatuma, pita shule mbili tatu hapo Nyamagana, uulize walimu wanachoandika kila wiki na wangelipa ngapi, unitumie majibu yao kama walivyosema, bila kuyapamba.

Msalimie mama. Mwambie dagaa walifika, na wameshaisha.

Wako,
wa Sinza