Rukia, mwibie ami testa yake unipimie kitu

Rukia shoga yangu,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, hawajambo hapo Wete, mie mzima alhamdulillah na nyumbani wote wazima, mama anakusalimu, Zuwena naye anakusalimu ijapokuwa kanuna, sababu utaiona mbele. Najua uliniandikia sikujibu na najua ushanisema kwa Mgeni, nshasikia yote, lakini moku, huu mtihani wa majaribio, ilikuwa imetukaba koo we si wajua. Sasa imekwisha, fizikia ndo ilokuwa ya mwisho, na n'na shida na wewe, tena si ya pesa kwa hiyo usianze kununa na wewe.

Ile testa ya ami ya kupimia maredio bado ipo pale dukani? Kama ipo endelea kusoma. Kama kauza basi barua hii fungia karanga.

Haya sikiliza. Pepa ilikuwa ya chembe na sakiti, na katika sakiti kuna kijiswali kidogo kabisa, hakina hata kuhesabu. Betri ya volti 6, globu ya tochi na voltimita, yaani kipimo cha volti kama hiyo testa, vyote vimefungwa kwa msitari mmoja, yaani waya unatoka kwenye betri unaingia kwenye globu, unatoka hapo unaingia kwenye voltimita, unarudi betri. Wanauliza voltimita itasoma ngapi na globu itawaka au haitowaka. Basi, ndo hilo tu. Hilo ndo limetugombanisha darasa zima.

Maana tumetoka nje, hata kwenye mkungu hatujafika, Khalfan keshaanza, "Sifuri! Si njia imekatika hiyo?" Hoja yake ni kwamba voltimita ina rezistansi kubwa mno, yaani inauzuia sana umeme, mkondo haupiti, na volti ni mkondo mara rezistansi, V ni I mara R, sasa I ikiwa sifuri hiyo V itoke wapi? Na vile anavyosema kwa sauti ile yake kama anaadhini, watu wakaanza kushika vichwa, kuna mmoja simtaji alikuwa anataka kulia. Zuwena yeye ati tatu, kwa sababu vitu viwili vimegawana volti sita, nusu kwa nusu. Nikamwambia shoga hata mirathi haigawiwi hivyo, ndo akanuna mpaka leo.

Mie nimeandika sita, na globu haiwaki. Wallahi sibadilishi. Volti zinagawika kwa rezistansi, mwenye kubwa achukua kubwa, sasa hizi testa zinazoonyesha namba, nyingi yao zina megaohmu 10, ohmu milioni kumi hizo Rukia, na globu yenyewe ikishawaka haizidi ohmu 20. Igawe sita kwa milioni kumi, unapata mikroampea 0.6. Si sifuri! Ni mkondo mdogo lakini upo, na huo huo mdogo ukiuzidisha na zile milioni kumi unarudi kwenye sita yako. Khalfan anaifanya sifuri kabla hajaizidisha, hapo ndo anapopotea. Na globu yataka ampea 0.3 ndo iwake, kilichoifikia ni mara laki tano chini ya hapo, itawaka nini? Haitotoa hata wekundu.

Nikamchorea chini kwa kijiti, nikamwandikia na hesabu, ananiangalia tu halafu anacheka, "Wewe unahesabu kwa maneno." Kwa maneno! Na wavulana wote upande wake kwa sababu muhula uliopita aliongoza, kama kwamba kuongoza kunabadilisha voltimita. Nikasema haya twendeni maabara tukaione kwa macho, tukaenda, mita iliyopo ile ya mshale na mshale wenyewe umekwama katikati, ukiigonga unaruka unarudi pale pale. Mwalimu akatwambia mtajua matokeo yakitoka, akafunga mlango. Sasa tumekaa hivyo hivyo, kila jioni kwenye simu Khalfan anatuma rikodi za sauti, ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko hotuba, sikuimaliza.

Najua ni binamu yako. Lakini haki ni haki.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Ile ya fotoelektriki ya bure, mwanga wa nanomita 400 unapiga sodiamu, fotoni ina elektronivolti 3.1, toa 2.3 za kuing'oa elektroni, inabaki 0.8, hata Khalfan kapata 0.8. Kulikuwa na ile ya kwa nini umeme unasafirishwa kwa volti kubwa, watu wamejaza ukurasa, mie nimewaeleza tu kuwa volti zikipanda mkondo unashuka na joto linalopotea kwenye waya linakwenda kwa mraba wa mkondo, halafu nikatia na mfano wa kebo yetu inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, kilovolti 132. Sijui watanipa maksi ya ziada au watanifuta, lakini nilifurahi nafsi yangu.

Ya chembe ndo ilowamaliza wengi. Kaboni 14 inaoza inakuwa naitrojeni 14 na elektroni inatoka, sasa kwa nini elektroni hizo nyengine zinatoka na nishati nyingi nyengine kidogo, na kiini ni kile kile? Zuwena kaandika inapotea kwa msuguano, usimwambie nimekwambia. Wewe ungepata, maana ndo wewe ulomuuliza mwalimu siku ile akatuhadithia habari ya yule mwanafizikia Pauli, wenzake mwaka 1930 wako mkutanoni Ujerumani wanatafuta nishati inapopotelea, yeye kwenda hakwenda, ana dansi lake Zürich, akawapelekea barua kuwa huenda kuna chembe isiyoonekana inatoka pamoja na elektroni na kuchukua fungu lake. Chembe hiyo ndo antinyutrino, nimeiandika kwa herufi kubwa kabisa. Na ile chembe haikuja kuonekana mpaka 1956, fikiria, miaka 26 mtu anangoja jibu lake lisahihishwe, na mie hapa wiki haijesha nshakonda.

Ndo maana nakwambia testa. Sitaki kungoja matokeo, na hata yakitoka yatatupa daraja tu, nani atatwambia swali lile lilikuwaje? Chukua betri nne za tochi uzipange zifike sita, chukua globu ndogo ile ya tochi za zamani, SI ya LED tafadhali, halafu testa uiweke kwenye volti za DC, usije ukaiweka kwenye ampea ukaniunguzia fyuzi ya ami nikawa adui wa ukoo mzima. Fungia vyote kwa msitari kama nilivyokueleza. Kama mna testa ya mshale pia jaribu, ile rezistansi yake ni ndogo kuliko ya namba, lakini globu bado haitowaka, hilo naliwekea kiapo. Nirikodie video, ionekane betri, ionekane globu, ionekane na namba, mkono wako usikae mbele kama ile video ya harusi ya Mgeni.

Tumewekeana kuwa atakayeshindwa anawanunulia wote urojo Forodhani Ijumaa, na wote hao ni watu wanaokula na kuongeza bhajia, Khalfan mwenyewe ndo alotoa shauri. Kwa hiyo nijibu kabla ya Alhamisi.

Na wewe je, nyinyi huko moku mmefanya au bado? Ni pepa hii hii au yenu nyengine? Hilo swali mlipewa? Uliandika ngapi? Usinambie tatu. Ami anaumwaje mguu, kaacha ile dawa ya kuchua? Boti unakuja lini, au ndo ushakuwa Mpemba kabisa hutaki kutuona? Na globu za tochi bado zinauzwa hapo Wete au nikupelekee na mtu?

Shikamoo zangu kwa ami na mama. Testa usiseme ni ya nini.

Zulekha